Sura ya Tatu: Bahari ya Kale katika Kina cha Kivu

Kitabu kinachozungumzia bahari hakitarajiwi kujenga hoja zake Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu nchini Rwanda ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, kando ya ziwa ambalo uso wake uko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, mtu anayetaka kuelewa jinsi sakafu ya bahari inavyozaliwa, au jinsi maji ya bahari yalivyokuwa katika zama ambazo hapakuwa na samaki wala oksijeni, atajifunza zaidi mbele ya mji huo kuliko katika fukwe za Mombasa na Unguja. Bahari ya leo huzungushwa na mikondo na kupata oksijeni karibu kila mahali, tangu usoni hadi sakafuni, na kwa hiyo imekwisha kufuta hali yake ya ujana, ilhali Ziwa Kivu, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 2,370 na kina cha mita 485, limeyafungia maji yake ya chini kwa namna ambayo hali hiyo ya kale imerejea na kukaa.

Kivu si bahari, wala hakuna anayeweza kuahidi kwamba litakuwa bahari siku za usoni. Linalodaiwa hapa ni dogo zaidi, lakini lina uzito wake: kwamba nguvu zinazoumba bahari, na kemia iliyotawala bahari za mwanzo, zinaweza kupimwa katika ziwa hili kwa mashua ya kawaida na kamba ya mita mia chache.

Ukoko wa dunia, yaani tabaka gumu la nje linalobeba milima, mashamba na maji yote, ni wa aina mbili. Ukoko wa mabara umejengwa zaidi kwa miamba ya jamii ya itale, ni mwepesi kiasi, na unene wake kwa kawaida ni kati ya kilomita 30 na 40. Ukoko wa bahari umejengwa kwa basalti, mwamba mweusi ulio mzito zaidi, na unene wake ni kilomita 7 hivi. Kwa kuwa zote mbili zimelala juu ya miamba ya ndani yenye joto ambayo hujongea polepole mno, ukoko mwembamba na mzito hukaa chini na ule mnene na mwepesi hukaa juu, na maji ya dunia hukimbilia palipo chini. Kwa hiyo bahari haina kina kwa sababu shimo lilichimbwa na kujazwa, bali kwa sababu mwamba wa sakafu yake ni wa aina nyingine kabisa, na swali la jinsi bahari inavyoanza ni swali la jinsi basalti inavyopata nafasi mahali palipokuwa na bara.

Jibu lilianza kuonekana mwaka 1952, pale Marie Tharp, mchora ramani wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, alipopanga vipimo vya kina vya Bahari ya Atlantiki na kugundua kwamba safu ya milima iliyozama katikati ya bahari hiyo ina bonde refu linalopita juu ya kilele chake. Mwenzake Bruce Heezen alilikataa wazo hilo mwanzoni, lakini ramani ya matetemeko ya ardhi ilipowekwa juu ya ramani ya Tharp, vitovu vya matetemeko vilifuata bonde hilo hilo. Mstari huo ulipofuatwa hadi Bahari ya Hindi, ulionekana ukiingia Ghuba ya Aden na kuungana na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, na hivyo mabonde yanayofahamika kwa wakulima na wavuvi wa Kenya, Tanzania, Burundi na Rwanda yakawa sehemu ya jambo moja na sakafu ya bahari ambayo hakuna jicho lililokuwa limeiona. Mwaka 1962 Harry Hess alieleza kwamba katika migongo hiyo ya bahari ukoko hupasuka na kusogea pande mbili, na magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto, hupanda na kuganda kuwa sakafu mpya. Mwaka uliofuata Fred Vine na Drummond Matthews walionyesha kwamba usumaku uliogandishwa katika basalti una milia inayolingana kila upande wa mgongo, kama inavyopaswa kuwa ikiwa sakafu huzaliwa katikati na kusukumwa nje.

Matokeo yake yanawashangaza wengi hadi leo. Karibu sakafu yote ya bahari haizidi umri wa miaka milioni 200, kwa sababu ile ya zamani huzama tena ndani ya dunia pembezoni mwa bahari, ilhali miamba ya ndani ya Tanzania, kati ya Dodoma na Ziwa Viktoria, ina umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Bahari ni ya kale sana, lakini sakafu yake ni changa, na ndiyo maana atakayeitafuta historia ya mwanzo ya bahari hana budi kuitafuta nchi kavu.

Kivu liko katika mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, ule unaopinda kutoka Ziwa Albert, kupitia Edward na Kivu, hadi Tanganyika. Hapa bamba la Nubia, ambalo ni sehemu kubwa ya Afrika, linaachana na bamba dogo la Viktoria kwa mwendo wa milimita chache kwa mwaka, mwendo ambao hauonekani katika maisha ya mtu mmoja lakini katika miaka milioni 1 hufikia kilomita kadhaa. Hatua za mbele za mwendo huo zinaonekana kaskazini zaidi: katika nyanda za Afar, Ethiopia, bara limekuwa jembamba mno na basalti imeanza kushika nafasi, na katika Bahari ya Shamu, ambayo ufa wake ulianza kufunguka takriban miaka milioni 30 iliyopita, tayari kuna ukoko halisi wa bahari katika mhimili wake. Haifuati kwamba kila ufa hufika huko. Mabara yana makovu ya nyufa nyingi zilizokufa kabla maji ya chumvi hayajaingia, na mkono wa magharibi unaweza kuwa mmoja wao.

Wakazi wa Gisenyi na wa Goma, mji jirani ulio upande wa Kongo, walishuhudia mwezi Mei 2021 jinsi kazi ya kufungua ufa inavyofanyika. Jioni ya tarehe 22 mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470 na umbali wa kilomita zisizofika 20 kutoka ziwani, ulipasuka ubavuni na kumwaga lava kuelekea Goma, na lava iliposimama, jambo kubwa zaidi liliendelea bila kuonekana: ukuta mwembamba wa magma uliosimama wima, ambao wanajiolojia huuita daiki, ulisonga kusini chini ya miji hiyo miwili na kuingia chini ya ziwa. Ardhi ilitetemeka mfululizo kwa siku kadhaa, nyufa zilikatiza barabara na nyumba za Rubavu, na tarehe 27 sehemu ya Goma iliamriwa kuhama. Kwa waliopoteza makazi hilo lilikuwa janga, na hakuna maelezo ya kisayansi yanayolipunguza. Lakini ni kweli pia kwamba daiki za namna hiyo ndizo zinazojenga sakafu ya bahari katika migongo ya Atlantiki na Pasifiki, moja baada ya nyingine, chini ya maji ambako hakuna wa kuhesabu nyufa.

Volkano za eneo hili ndizo zilizolipa ziwa umbo lake la sasa. Zamani maji ya eneo hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na mto Nile, mpaka milima ya Virunga ilipoziba njia kwa lava yake, maji yakapanda, na hatimaye yakapata mlango upande wa kusini, kupitia mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika. Vilevile ndizo zinazopasha moto maji ya chini ya ardhi. Katika Nyamyumba, kusini kidogo ya mji wa Gisenyi, maji ya moto ambayo wenyeji huyaita amashyuza hutoka kando kabisa ya ziwa yakiwa na joto linaloweza kuunguza ngozi, na chemchemi nyingine nyingi kama hizo hutokea chini ya maji, zikilisha kina cha ziwa kwa joto, chumvi na hewa ukaa, yaani dioksidi ya kaboni. Mwaka 1977, watafiti waliposhuka kwa chombo cha kuzamia kiitwacho Alvin karibu na visiwa vya Galápagos na kukuta chemchemi za moto kwenye sakafu ya Pasifiki, zikizungukwa na viumbe wanaoishi bila kutegemea mwanga wa jua, dunia nzima ilistaajabu. Mwenye kuzijua amashyuza angalitambua angalau asili yake, ambayo ni maji yaliyoingia katika nyufa za mwamba, yakapashwa na magma, yakarudi juu yakiwa yamebeba madini.

Kinacholitenga Kivu na maziwa mengine ni mpangilio wa maji yake. Mwaka 1935 Hubert Damas, mtafiti kutoka Ubelgiji, alipopima kina cha ziwa hili aligundua kwamba maji ya chini yana joto zaidi kuliko ya juu, jambo linaloonekana kupinga maumbile, kwa kuwa maji yenye joto ni mepesi na yangepaswa kupanda. Juu joto ni digrii 23 hivi, chini ni takriban 26. Kinachoyazuia kupanda ni mizigo yaliyoibeba: kuelekea sakafuni chumvi huongezeka hadi gramu 6 hivi kwa lita, na hewa ukaa iliyoyeyuka huongeza uzito zaidi, kiasi kwamba kila lita ya maji ya chini, pamoja na joto lake, ni nzito kuliko lita iliyo juu yake. Upepo huchanganya sehemu ya juu tu. Oksijeni hukoma kabla ya mita 70, na ndiyo sababu sambaza, dagaa walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, pamoja na uvuvi wote wa taa unaofanywa usiku kwa mitumbwi iliyofungwa pamoja, wanategemea ngozi nyembamba ya ziwa ilhali sehemu kubwa ya kina haina samaki hata mmoja. Maji yaliyoko chini kabisa hukaa huko kwa mamia ya miaka.

Ndani ya kina hicho kuna jambo ambalo wanasayansi wa bahari walilijua kutoka Bahari ya Aktiki. Joto husambaa katika maji haraka kuliko chumvi, karibu mara 100, kwa hiyo penye maji ya moto na chumvi chini ya maji baridi na yenye chumvi kidogo, joto huvuka mpaka kabla chumvi haijavuka. Maji yaliyo juu ya mpaka hupashwa, huwa mepesi, hupanda na kukoroga tabaka lake, kisha hukwama kwenye mpaka unaofuata. Matokeo yake ni ngazi. Vipimo vya Kivu vinaonyesha mamia ya matabaka yenye unene ambao mara nyingi haufiki mita 1, kila moja likiwa na joto na chumvi iliyo sawa ndani yake, na kati yake mipaka ya sentimita chache ambako kila kitu hubadilika ghafla. Aktiki inayo ngazi hiyo hiyo chini ya barafu, lakini kuipima huhitaji meli kubwa na msimu mzuri, ilhali Kivu huweza kupimwa mwaka mzima, na watafiti wengi wa bahari wamekuja kwa sababu hiyo.

Aliyeunganisha ziwa hili na bahari kwa uwazi zaidi ni Egon Degens wa Taasisi ya Woods Hole nchini Marekani. Katika miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa waliochunguza mashimo ya Bahari ya Shamu, ambako kwenye kina cha takriban mita 2,000 kuna maji yenye chumvi mara kadhaa zaidi kuliko ya bahari ya kawaida na joto linalozidi digrii 50, yakiwa yamelala juu ya tope lenye zinki, shaba na chuma. Mnamo 1971 na 1972 aliongoza msafara uliokuja Kivu kutafuta ndugu wa mashimo hayo katika ufa ambao haujafika hatua ya bahari, na taarifa yao ya mwaka 1973 ndiyo iliyolieleza ziwa hili kwa mara ya kwanza kama mfumo mmoja wa miamba, chemchemi, maji na vijidudu.

Vijidudu hivyo vinahusika na utajiri na hatari ya ziwa kwa pamoja. Kina cha Kivu kimebeba gesi ambayo, kama ingetolewa na kupimwa katika hali ya hewa ya kawaida, ingefikia takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani. Sehemu kubwa ya hewa ukaa hutoka katika magma. Methani hutengenezwa na vijidudu visivyohitaji oksijeni, ambavyo hutumia mabaki ya viumbe yanayozama na pia hewa ukaa yenyewe. Gesi hizo hukaa ndani ya maji kwa sababu ya mgandamizo, sawa na gesi katika chupa ya soda ambayo haijafunguliwa. Nchini Kamerun, tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos, ambalo ni dogo mno likilinganishwa na Kivu, lilitoa ghafla hewa ukaa iliyotambaa mabondeni na kuua watu wapatao 1,700. Kando ya Kivu watu wameijua hewa hiyo kwa kiwango kidogo: katika mabonde ya eneo la Goma inayotoka ardhini hutuama, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na madimbwi hayo ya hewa, yaitwayo mazuku, yameua watu na mifugo. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya Goma na kuingia ziwani, hofu kubwa ilikuwa kwamba ingevuruga matabaka. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba matabaka hayakutikisika, kwani gesi ya Kivu bado iko mbali na kiwango ambacho maji hushindwa kuishika, na lava haikufika kwenye kina yaliko maji yenye gesi nyingi.

Kuivuna methani ni njia ya kupata nishati na ya kupunguza hatari hiyo, na historia yake ilianzia Rubavu. Mwaka 1963 kituo kidogo cha Rubona kilianza kuvuta maji ya kina na kupeleka gesi yake katika kiwanda cha bia cha Bralirwa kilicho jirani. Kanuni yake ni rahisi: maji yakianzishwa kupanda ndani ya bomba, mgandamizo hupungua, mapovu hutokea, mapovu huyafanya maji kuwa mepesi, na safari ya juu hujiendesha yenyewe. Tangu mwishoni mwa 2015 mtambo wa KivuWatt wa Karongi, wenye uwezo wa megawati 26, umetumia kanuni hiyo hiyo kuchota kutoka kina cha karibu mita 350, na mtambo mkubwa zaidi umejengwa Rubavu. Ugumu uko katika kurudisha maji. Maji yaliyokwisha kutoa gesi lazima yarudishwe kwenye tabaka ambalo hayataligeuza wala kulitoboa, kwa sababu ngazi ile iliyoelezwa juu ndiyo kifuniko kinachowalinda mamilioni ya watu wa pande zote mbili za mpaka, na ufuatiliaji wake, ambao kwa upande wa Rwanda uko chini ya mamlaka ya mazingira, REMA, unastahili heshima sawa na ile inayopewa mitambo yenyewe.

Sasa inawezekana kurudi kwenye dunia ya mwanzo. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.54, na chembe ndogo za madini ya zirkoni kutoka Jack Hills, Australia, zenye umri unaofikia miaka bilioni 4.4, zina alama za kemikali zinazoonyesha kwamba maji yalikuwapo juu ya uso wake mapema kiasi hicho. Kwa karibu nusu ya historia iliyofuata, hewa haikuwa na oksijeni ya kutajika. Oksijeni ilianza kujikusanya kati ya miaka bilioni 2.4 na 2.3 iliyopita. Jua changa lilitoa takriban asilimia 70 ya mwanga wa leo, na moja ya maelezo yanayotolewa kwa nini bahari haikuganda yote ni kwamba hewa ilikuwa na hewa ukaa na methani nyingi, gesi zinazozuia joto lisipotee angani, na methani hiyo ilitengenezwa na jamaa wa vijidudu vinavyoitengeneza Kivu leo. Bahari yenyewe ilikuwa na chuma kingi kilichoyeyuka, kilichotoka katika chemchemi za sakafuni, kwa kuwa chuma hubaki ndani ya maji pale tu pasipo na oksijeni ya kukigeuza kutu.

Bonde kuu la Kivu halifanani na bahari hiyo kwa kila jambo, maana kina chake kina salfidi, kemikali ya salfa inayokamata chuma. Lakini kaskazini-magharibi, upande wa Kongo, kuna Ghuba ya Kabuno, iliyotengwa na ziwa kubwa na kizingiti cha mwamba wa volkano, na humo oksijeni hukoma katika kina cha mita 10 hivi, ambako mwanga wa jua bado unafika na maji yana chuma kilichoyeyuka kwa wingi. Mwaka 2015 kundi la watafiti, wakiwamo Marc Llirós na Sean Crowe, lilichapisha ushahidi kwamba katika mpaka huo wanaishi bakteria wa kijani wa salfa ambao hufanya usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa nguvu ya mwanga, bila kutoa oksijeni: mahali ambapo mmea huchukua elektroni kutoka kwenye maji, wao huzichukua kutoka kwenye chuma, na taka yao ni kutu. Kwa miongo mingi viumbe wa namna hiyo walikuwa wamependekezwa kama waliochuja chuma cha bahari za kale, lakini ilikuwa vigumu kuonyesha kwamba wanaweza kutawala maji ya wazi. Kabuno ilionyesha kwamba wanaweza.

Chuma walichokichuja, kama nadharia hiyo ni sahihi, kipo. Katika milima ya Geita, kusini mwa Ziwa Viktoria, dhahabu inachimbwa kutoka katika miamba yenye milia ya chuma na silika inayopokezana, tabaka juu ya tabaka, ambayo ililala kama tope kwenye sakafu ya bahari takriban miaka bilioni 2.7 iliyopita na baadaye ikanaswa ndani ya bara. Sakafu yenyewe ya bahari hiyo imekwisha kuzama ndani ya dunia zamani sana, lakini kipande hicho kilisalia juu.

Ghuba ya Kabuno ina hewa ukaa nyingi zaidi karibu na uso kuliko bonde kuu, na kwa sababu hiyo yamekuwapo mapendekezo ya kuipunguzia gesi kabla ya sehemu nyingine za ziwa. Usalama wa watu wa miji ya Sake, Goma na Gisenyi unatangulia, na mapendekezo hayo yanastahili kufanyiwa kazi. Lakini kuyainua maji ya chini kutasogeza mpaka wa oksijeni na chuma, na pengine kuwaondoa bakteria wanaoishi hapo. Kinachotakiwa kabla ya bomba la kwanza la kudumu kushushwa ni rekodi kamili ya ghuba, ya kila mita na kila msimu, ikiwa ni pamoja na kiasi cha chuma, mwanga, gesi na viumbe, ichukuliwe na watafiti wa Rwanda na Kongo walio jirani nayo.